Filamu "bubu" na ufasaha wake

Mwanafunzi wa leo ana simu mfukoni, na katika simu hiyo mna filamu nyingi kuliko anavyoweza kuzitazama maisha yake yote. Filamu hizo zinasema, zinaimba na kunguruma. Iweje basi mwanafunzi huyo huyo akubali kukaa kitako kwa takriban saa moja na nusu akitazama filamu ya mwaka 1931, isiyo na rangi, ambayo wahusika wake hawatamki hata neno moja likasikika? Na iweje acheke mahali pale pale walipocheka watazamaji wa wakati ule, kisha mwishoni ajipanguse machozi kwa siri?

Wala jambo hili halimhusu mwanafunzi wa sanaa za maonyesho peke yake. Nchini Italia, tamasha la Pordenone limekuwa likiwakusanya wapenzi wa filamu hizi tangu mwaka 1982. Mwaka 2012, tuzo kuu ya Oscar ilichukuliwa na 'The Artist', filamu ya Mfaransa Michel Hazanavicius iliyotengenezwa kwa makusudi kwa mtindo wa zamani: nyeusi na nyeupe, na mazungumzo yasiyosikika. Na hapa kwetu, keti katika matatu yoyote uichungulie simu ya jirani yako (adabu kando). Huenda ukamwona Buster Keaton amesimama wima huku ukuta wa mbele wa nyumba nzima ukimwangukia, naye akinusurika kwa kuwa alisimama mahali hasa uwazi wa dirisha ulipoangukia. Kioja hicho ni cha mwaka 1928, katika 'Steamboat Bill, Jr.', na ukuta ule ulikuwa mzito kweli kweli. Lau angesimama hatua moja pembeni, filamu hiyo ingekuwa ya mwisho kwake.

Wapo wanaosema kuwa siri ya mvuto huu ni ucheshi. Wengine husema ni hamu ya mambo ya kale. Jibu hili la pili silikubali, kwani mtu hawezi kutamani kurudi mahali ambapo hakupata kufika. Lile la kwanza lina ukweli, ila halielezi yale machozi. Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nitalitafuta jibu katika lugha yenyewe, mahali ambapo pengine msomaji hakupatarajia. Dai langu ni kwamba filamu hizi zinatuvuta kwa sababu zilimwachia mtazamaji kazi ya kusema.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili tumezoea kuziita filamu bubu, au filamu kimya. Majina yote mawili yana kasoro. Kimya hazikuwa: ukumbi mdogo ulikuwa na mpiga piano wake, na ukumbi mkubwa wa mjini uliweza kuwa na okestra nzima iliyokaa chini ya pazia. Wala wahusika wake si bubu. Itazame midomo yao. Wanasema, wanabishana, wanatongozana, wanatukanana. Asiyesikia ni sisi. Kwa hivyo, ikiwa ni lazima tutumie neno la jamii hiyo, basi kiziwi ni mtazamaji wala si mhusika. Neno bubu, fauka ya hayo, limekuwa la kudunisha linapotajiwa binadamu, ndiyo sababu nimelifungia katika alama za kunukuu hapo juu.

Liko kosa jingine la kusahihisha kabla hatujaendelea. Wengi wetu tulizijua filamu hizi kupitia televisheni, watu wakienda mbiombio kama kuku waliomwagiwa maji. Kasi ile, aghalabu, haikuwa ya waigizaji. Filamu nyingi za enzi hizo zilipigwa kwa picha kati ya 16 na 20 hivi kwa sekunde, tena mpiga kamera akizungusha mkono kwa mkadirio wake. Filamu zenye sauti zilipokuja zilitulia kwenye picha 24. Ukiipitisha filamu ya kale katika mtambo wa kasi hiyo mpya, kila mtu ataonekana amechelewa kazini. Wachekeshaji waliitaka kasi hiyo mara nyingine, lakini filamu ya huzuni ikiharakishwa huharibika kabisa, na mtazamaji hucheka mahali pa kulia.

Sasa nirejelee ile filamu ya 1931. Ni 'City Lights', yaani Taa za Jiji, ya Charlie Chaplin. Filamu ya kuzungumza iliyofungua njia, 'The Jazz Singer', ilikuwa imeonyeshwa tangu Oktoba 1927, na kufikia 1931 Hollywood yote ilikuwa ikizungumza. Chaplin akakataa. Alitia muziki alioutunga mwenyewe na vishindo vichache, lakini mazungumzo hakuyaruhusu. Hata onyesho la kwanza ni kejeli: waheshimiwa wanahutubu katika uzinduzi wa sanamu, na kinachotoka vinywani mwao ni mlio wa kukwaruza usio na maneno. Aliyepata kukaa juani akisubiri mgeni wa heshima amalize hotuba ataielewa kejeli hiyo pasipo mkalimani.

Katika filamu hiyo Chaplin alijitwika tatizo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa isimu alitafakari. Msichana muuza maua ni kipofu. Mzururaji, yule mtu wa kofia na fimbo ambaye hana senti, anataka kununua ua. Hadithi yote inategemea jambo moja: msichana aamini kuwa mteja wake ni tajiri. Utamfanyaje kipofu aamini hivyo katika filamu isiyosema? Chaplin alilirudia onyesho hilo mara mia kadhaa kabla hajaridhika. Suluhisho lake ni hili. Barabara imesongamana magari. Mzururaji, akimkwepa polisi, anaingia katika gari la kifahari kwa mlango mmoja na kutokea kwa mlango wa pili, kando ya msichana. Mlango unafungwa kwa kishindo. Msichana anageuza uso na kunyosha mkono wenye ua. Baadaye mwenye gari anafika, anaingia, mlango unafungwa tena na gari linaondoka. Msichana anaamini kuwa mteja wake ameenda zake bila kungoja chenji. Mzururaji, ambaye angali amesimama pale, anajiondokea kwa kunyata ili asimvunje moyo.

Angalia kilichotokea. Mlango tumeuona, na kwa kumwona msichana akigeuka tumetambua kwamba yeye ameusikia, kisha tumejua alichokifikiria baada ya kuusikia. Hizo ni hatua tatu za maana, na hakuna neno hata moja lililotumika. Filamu ya kuzungumza ingempa msichana sentensi ya kumshukuru bwana mwenye gari, na kazi ingekwisha. Kazi ingekwisha kwetu pia, kwa maana tungepokea maana badala ya kuijenga.

Nimekuwa na desturi ya kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza dakika za mwisho za filamu hiyo. Mzururaji amekwisha kupata pesa za kumtibu msichana, amefungwa jela kwa sababu ya pesa hizo, na sasa ametoka akiwa matambara matupu. Msichana anaona, na ana duka lake la maua. Anamwona ombaomba huyu dirishani, anamcheka kidogo, anatoka kumpa ua na sarafu. Anamshika mkono ili amtie ile sarafu, na vidole vyake, ambavyo vilizoea kujua watu kwa kugusa, vinamtambua. Hapo kinatokea kibao cha maandishi chenye kiwakilishi kimoja tu cha nafsi ya pili, kwa Kiingereza, pamoja na alama ya kuuliza.

Huwaomba wanafunzi waandike kwa Kiswahili kile ambacho msichana anakisema. Mjadala unaofuata hunifaa kuliko mihadhara yangu mitatu. Kiwakilishi cha Kiingereza ni kimoja kwa mkubwa na mdogo, kwa mwenye heshima na asiye nayo. Mswahili hawezi kukitumia peke yake bila kwanza kujua anayeambiwa ni nani kwake. Kabla ya kuushika ule mkono, msichana angemwita nani? Wapo walioandika "mzee", kwa huruma. Wengine "jamaa", kwa dharau. Wa Nairobi hawakosi kumtia "buda". Baada ya kuushika mkono majina hayo yote yanamkwama kooni. Je, amwite bwana, kama alivyomdhania? Amwite kaka? Mwanafunzi mmoja aliacha nafasi tupu, akajitetea kwamba palipo na deni kubwa kiasi hicho msemaji hunyamaza kwanza. Lakini jibu linalojirudia kila mwaka, kutoka kwa vijana wa pwani na wa bara, ni hili: "Kumbe ni wewe."

Kumbe! Neno dogo ambalo kamusi hulihangaikia. Hutangaza kwamba ukweli ulikuwapo muda wote, na kwamba ni mimi msemaji ambaye sikuuona hadi sasa. Kwa kipofu aliyepata kuona na bado akadanganywa na macho yake mpaka akafunuliwa na vidole, silijui neno linalolingana na hilo. Chaplin hakujua Kiswahili. Filamu yake ilikuwa na nafasi ya "kumbe" kwa sababu mwigizaji, Virginia Cherrill, hakusikika akitamka neno la Kiingereza likatuzibia nafasi hiyo.

Hili halikuwa bahati ya filamu moja. Ulikuwa utaratibu wa biashara nzima. Filamu ya Denmark ilipofika Argentina, vibao vya maandishi vilikatwa, vikabandikwa vingine vya Kihispania, na filamu ikaendelea na safari. Mjerumani F. W. Murnau alikwenda mbali zaidi mwaka 1924 kwa filamu ya bawabu mzee wa hoteli kubwa anayevuliwa sare yake yenye vifungo vya kung'aa na kupelekwa kuhudumu msalani. Filamu hiyo inakaribia kwisha bila kibao chochote cha maelezo. Aliyeona mtu akipoteza cheo na jirani zake wakamgeukia hahitaji kibao. Sauti ilipoingia, dunia ya sinema ilikatika vipande kwa mipaka ya lugha. Kwa muda mfupi makampuni yalijaribu kuitengeneza filamu ile ile mara nyingi kwa lugha tofauti. Laurel na Hardy, ambao hawakujua Kihispania, walikisoma kutoka ubaoni kikiwa kimeandikwa kwa matamshi wanayoyaweza. Gharama ilikuwa kubwa na mtindo huo haukudumu.

Hapa pana jambo linalotugusa Waafrika moja kwa moja. Mtu wa kwanza ninayemkumbuka kila ninapofundisha habari hii ni Sol Plaatje wa Afrika Kusini, mwanaisimu mwenzetu, ambaye mwaka 1916 alitoa pamoja na Daniel Jones kitabu cha kusoma Kitswana kwa alama za kifonetiki, na ambaye aliutafsiri mchezo wa 'Julius Caesar' kwa Kitswana kama Mwalimu Nyerere alivyokuja kuutafsiri kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1920, baada ya kurejea kutoka Marekani, Plaatje alizunguka nchini mwake na mtambo wa sinema akiwaonyesha Waafrika wenzake filamu, zikiwemo za shule za Weusi wa Marekani. Mwenye mtambo alikuwa Mwafrika, na aliyechagua cha kuonyeshwa alikuwa yeye.

Linganisha na yaliyofuata. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu kwa "Wabantu" uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika; picha zilipigwa bila sauti na maelezo yakatiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers, ambaye alishikilia kuwa Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida: picha ziende polepole, pasiwe na kurukaruka mahali wala wakati, na awepo mtu wa kueleza kwa kipaza sauti kando ya gari la sinema. Filamu nyingi za kitengo hicho zilikuwa hazina sauti. Ukimya ambao kwa Chaplin ulikuwa heshima kwa akili ya mtazamaji, kwa Sellers ukawa dalili ya kumshuku. Nadharia hiyo haikuhitaji profesa kuivunja. Vichekesho vya Chaplin vilipendwa na watazamaji Waafrika wa miji na migodi ya kusini mwa bara hili, nao hawakupunguziwa kasi kwa ajili ya mtu yeyote.

Yule mtu wa kueleza kando ya pazia, hata hivyo, hakuwa uzushi wa mkoloni. Japani ilikuwa naye mapema, akiitwa benshi, na alikuwa nyota kuliko waigizaji wenyewe. Alitoa sauti za wahusika wote, akaongeza falsafa yake na mizaha yake. Filamu kimya ziliendelea kutengenezwa huko hadi katikati ya miaka ya 1930 kwa sababu, pamoja na mengine, mabenshi hawakutaka kuondoka. Mmoja wao alikuwa kaka wa mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa. Alijiua mwaka 1933, wakati filamu za sauti zikiimaliza kazi yao. Anayemjua DJ Afro wetu, au marehemu Lufufu wa Tanzania, anaijua sanaa hii hata kama hajasikia neno benshi. Mtu anaichukua filamu iliyojaa Kiingereza au Kichina, anaizima kwa sauti yake, kisha anaisema upya kwa lugha ya mtaani hadi nyota wa Hong Kong anakuwa kijana wa mtaa wetu. Walimu wenzangu huwakemea watu hawa kwa kuharibu Kiswahili. Mimi naona wanairudisha filamu mahali ilipokuwa kabla ya 1927, ambapo maneno yalikuwa mali ya ukumbi.

Kuna watazamaji ambao kwao mwaka huo ulikuwa msiba. Katika enzi ya filamu kimya, kiziwi na mwenye kusikia walikaa kiti kwa kiti wakasoma vibao vile vile na kucheka kwa wakati mmoja. Chaplin alikuwa na rafiki kiziwi, mchoraji Granville Redmond, aliyemfunza lugha ya ishara na ambaye anaonekana katika 'City Lights' yenyewe kama mchonga sanamu. Sauti ilipokuja vibao vikaondolewa, na viziwi wakatolewa ukumbini bila mtu kuwafukuza. Katiba yetu ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ni vyema. Ila sijui kama tumewahi kufikiri kwamba katika darasa lenye wanafunzi viziwi na wenye kusikia, filamu ya mwaka 1925 inaweza kuwa somo la pamoja kuliko filamu nyingi za jana usiku.

Nisije nikaeleweka kuwa nasifu kila kilichotoka kabla ya sauti. Nyingi ya filamu hizo ni za kuchosha, zimejaa watu wanaobwaga mikono na kutumbua macho. Nyingine ni sumu. 'The Birth of a Nation' ya D. W. Griffith, ya mwaka 1915, inasifiwa kwa ufundi wake ilhali inalitukuza kundi la Ku Klux Klan na kuwachora Weusi kama wanyama, baadhi yao wakiigizwa na Wazungu waliojipaka masizi. Mwalimu atakayeionyesha asiionyeshe bila kuijadili. Ufasaha wa picha unaweza kusema uongo kama ufasaha wa maneno.

Isitoshe, tunachokitazama leo ni masalio. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya filamu ndefu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika hali yake ya asili. Kanda za wakati huo zilikuwa za nitrati, zinashika moto upesi na kuoza zenyewe, na wenye makampuni hawakuona sababu ya kutunza bidhaa iliyopitwa na wakati. Zilizookoka nyingine ziliokoka kwa miujiza. Nakala ya filamu ya Carl Dreyer juu ya kesi ya Joan wa Arc, ya mwaka 1928, iligunduliwa mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norway. Na takriban dakika 25 za 'Metropolis' ya Fritz Lang zilipatikana Buenos Aires mwaka 2008.

Mwalimu atakayetaka kuanza mahali, aanze na 'Modern Times' ya 1936, Chaplin huyo huyo, kwa sababu ndani yake mzururaji anafungua kinywa. Ameajiriwa katika mkahawa na lazima aimbe. Hajui maneno ya wimbo, basi rafiki yake anamwandikia kwenye vikofi vya shati. Anaingia kwa madaha, anarusha mikono, na vikofi vinachomoka na kupotea. Rafiki anamsihi aimbe tu, maneno si hoja. Anaimba kwa lugha isiyokuwapo, yenye mlio wa Kifaransa na Kiitaliano, huku mikono, macho na kiuno vikisimulia habari ya tajiri mzee, msichana mwenye mikogo na pete. Ukumbi mzima wa mkahawa unaangua kicheko. Hakuna silabi yenye maana, na hakuna asiyeelewa. Wape wanafunzi karatasi, waandike kwa Kiswahili alichokiimba, kisha walinganishe. Chaplin hakumwigiza tena mzururaji huyo baada ya filamu hiyo.